Gunia Lenye Homa: Rekodi za Pumzi ya Mimea, Kuanzia Rungwe

Gunia lilikuwa limeegemea nguzo ya banda la kupimia majani ya chai, nje kidogo ya Tukuyu, saa nane mchana, mvua ndiyo kwanza inakatika. Mwenye gunia, mama mmoja wa makamo, alikuwa akisubiri gari tangu asubuhi. "Tia mkono, mwanangu," akaniambia, "usikie mwenyewe." Nikaupenyeza mkono hadi kwenye kiwiko. Juu majani yalikuwa na ubaridi wa Rungwe tunaoujua, ule wa kuvalia sweta mwezi wa sita. Katikati palikuwa na joto la mtoto mwenye homa. Nilipoutoa, mkono ulikuwa umelowa, na majani machache niliyoyachomoa yalikuwa yameanza kuiva rangi nyekundu pembezoni. "Yameshaanza kuungua hayo," alisema mama. Hapakuwa na moto wowote karibu.

Jani la chai likishachumwa halijafa. Linaendelea kupumua kama lilivyokuwa likipumua mtini: linavuta oksijeni, linachoma sukari yake, linatoa hewa ya ukaa, maji na joto. Likiwa shambani, upepo hulichukua joto hilo hata lisijulikane. Likishindiliwa guniani pamoja na wenzake maelfu, joto linakosa pa kutokea. Ndiyo maana mabwana shamba hawachoki kusema: msishindilie, msiyaache juani, yafike kiwandani mapema. Wajerumani walipanda chai Kyimbila mwaka 1904, miaka miwili baada ya kuijaribu Amani kule Usambara. Naamini tangu gunia la kwanza kujazwa, hajakosekana mtu wa kutia mkono akashangaa.

Joto lile lina chanzo, na chanzo chake kina umbo. Ndani ya kila seli hai ya jani mna vijifuko viitwavyo mitokondria. Utando wa ndani wa kila kijifuko umesimikwa mitambo ya protini ambayo wanasayansi huiita kompleksi na kuipa namba za Kirumi, I hadi V. Minne ya kwanza hupokezana elektroni zilizonyofolewa kwenye sukari, na mitatu kati ya hiyo minne huitumia nguvu hiyo kusukuma protoni ng'ambo ya utando. Mtambo wa tano huziachia protoni zirudi, na katika kurudi kwake hutengenezwa ATP, sarafu ambayo seli hulipia kila kazi. Kompleksi II ndiyo ndogo kuliko zote na ndiyo pekee kati ya zile nne isiyosukuma protoni. Kwa wanyama ina protini nne tu, ingawa mimea imeiongezea nyingine nne.

Sisi binadamu tunayo mitambo hiyo mitano. Lakini ya mimea ina mambo ambayo yetu haina, na katika miaka hii ya karibuni imepigwa picha za ndani hasa. Nimekusanya hapa inayovunja rekodi, na nimeitafuta kupitia mazao ninayokutana nayo nikishuka sokoni Tukuyu.

Jitu la mitokondria

Kompleksi I ya mmea ina uzito wa daltoni milioni moja hivi. Molekuli ya maji ina daltoni 18. Himoglobini, inayobeba oksijeni katika damu yetu, ina 64,000 hivi; kwa hiyo jitu hili ni sawa na himoglobini 15 zilizofungwa mzigo mmoja. Limeundwa kwa vipande vya protini zaidi ya 45, kila kimoja na umbo lake na mahali pake. Hata hivyo, ukiyapanga majitu haya ubavu kwa ubavu, unywele mmoja wa kichwani unatoshwa na 4,000 hivi kutoka upande mmoja hadi wa pili.

Umbo lake ni la herufi L. Mkono mmoja umelala ndani ya utando, wa pili umesimama ukielekea katikati ya mitokondria. Katika huu uliosimama mna vifundo vya chuma na salfa vilivyopangwa kama mawe ya kuvukia mto. Elektroni huingia kwenye kilele na kuruka jiwe hadi jiwe mpaka kwenye kona ya L. Kila elektroni mbili zikivuka, protoni nne husukumwa ng'ambo kupitia mkono uliolala. Katika mnyororo mzima wa upumuaji, hapa ndipo mahali pakubwa pa kuingilia.

Kwa mimea, mkono uliolala umeota nundu. Ukiiweka picha ya Kompleksi I ya ng'ombe kando ya ile ya mmea, nundu hiyo ndiyo kitu cha kwanza unachokiona: protini tatu zilizoshikamana, za ukoo wa vimeng'enya vinavyoshughulika na hewa ya ukaa. Kwa nini mtambo wa kupumulia ubebe kitu kama hicho? Wapo wanaodhani ni njia ya kuikamata hewa ya ukaa isipotee bure kabla jani halijaitumia tena kwenye usanisinuru. Wapo wanaodhani ni kiungo cha kale tu, kilichobaki kwa kuwa mtambo hauwezi kuunganishwa bila hicho. Mimi dhana ya kwanza ndiyo inayonivutia, maana mmea ni mwenye shamba na mwenye jiko kwa pamoja, na mwenye shamba hatupi mbolea.

Sasa jambo lililonifurahisha kuliko yote. Mwaka 2020 María Maldonado na wenzake katika maabara ya James Letts, Chuo Kikuu cha California kule Davis, walitoa picha ya Kompleksi I ya mmea iliyoonyesha atomi zake zilivyokaa. Mmea wenyewe ulikuwa choroko! Choroko hizihizi zinazopanda kwetu kutoka nchi za joto, zikapimwa kwa kikombe na kupikwa kwa nazi. Waliziotesha, wakatenga mitokondria ya machipukizi yake, wakaigandisha mitambo ghafla kwa baridi kali mno, ghafla kiasi kwamba maji hayapati nafasi ya kuwa chembe za barafu, kisha wakaipiga picha nyingi mno kwa hadubini ya elektroni. Kompyuta ndiyo iliyozijumlisha picha hizo hafifu mpaka umbo likajitokeza. Ufundi huo ndio uliowapa Jacques Dubochet, Joachim Frank na Richard Henderson Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2017. Na kilichoonekana ndani ya choroko kilikuwa mtambo ambao ulikuwa bado unaundwa, vipande vingine havijafika. Ni kama kumpiga picha seremala akiwa ameshafunga miguu ya kiti na bado hajagusa mgongo. Mwaka huohuo kikundi cha Ufaransa kikatoa picha ya mtambo wa koliflawa.

Rekodi ya ukali wa picha ilifuata mwaka 2023. Watafiti wa Frankfurt na Hannover, akiwemo Hans-Peter Braun, ambaye ameitumia sehemu kubwa ya maisha yake kwenye mitokondria ya mimea, walichukua Arabidopsis, kijimmea cha ukoo wa sukuma wiki, na kuipiga picha Kompleksi I ikiwa imekumbatiana na Kompleksi III. Ukali wake ulikuwa wa angstromu 2. Katika kiwango hicho hata molekuli za maji zilizojificha katikati ya protini zinaonekana moja moja, na mtafiti anaweza kufuata njia ambayo protoni hupita.

Dereva aliye pia kondakta

Ukipita Isyonje ukitokea Tukuyu kwenda Mbeya, viazi mviringo vimepangwa kando ya barabara, magunia yameshonewa kofia juu mpaka yanaitwa lumbesa. Ndani ya viazi kuna rekodi mbili.

Protini nyingi za mitokondria hutengenezwa nje yake, na kila moja huja na kipande cha mbele kilicho kama anwani ya mzigo. Mzigo ukishafika, anwani hukatwa. Kwetu sisi, na hata kwa hamira, mkasi wa kukata anwani ni kimeng'enya kinachokaa peke yake. Mwaka 1992 Braun na wenzake, wakichunguza viazi, waliukuta mkasi huo umejengwa ndani ya Kompleksi III. Mtambo mmoja unapitisha elektroni huku ukipokea wageni na kuwakata anwani zao. Dereva ndiye kondakta, na gari haliyumbi.

Ya pili ni ya mwaka 2004. Kwa muda mrefu tulifundishwa kwamba kompleksi hizi huelea kwenye utando kila moja kivyake, kama mitumbwi ya Matema. Kikundi cha Hannover kilitumia sabuni laini kuuyeyusha utando wa mitokondria ya viazi bila kuvunja urafiki wa mitambo, na kikaiona Kompleksi I, III na IV zikiwa zimeshikana katika umoja mmoja. Kwa mimea, shikano la I na III ndilo lililo imara na la kawaida zaidi, na ndilo hilo lililopigwa picha ile ya angstromu 2.

Kiazi kina sifa nyingine ya kupumua polepole. Kikiwa kwenye nyuzi 5 za Selsiasi, kilo moja hutoa kama miligramu 5 hadi 10 tu za hewa ya ukaa kwa saa, wakati brokoli katika baridi ileile huvuka 60. Ndiyo maana kiazi kinakaa miezi ghalani na brokoli linanyauka ndani ya siku chache.

Mwenye kasi

Peter Mitchell alipendekeza mwaka 1961 kwamba protoni zinazosukumwa ng'ambo ya utando ni kama maji yaliyokingwa juu ya bwawa. Wengi walimkatalia, lakini mwaka 1978 akapewa Nobel. Msomaji wa Rungwe hahitaji maelezo marefu hapa: amesimama chini ya maporomoko ya Kaporogwe na anajua maji yanayoshuka yana nguvu gani. Kompleksi V ni gurudumu lililowekwa kwenye maporomoko hayo. Protoni zikishuka, kitako chake kinazunguka kwelikweli, zaidi ya mara 100 kwa sekunde, na kila mzunguko hutoa ATP tatu. Mwaka 1997 Wajapani walibandika uzi wa protini unaong'aa juu ya mhimili wa mtambo wa namna hii, wa bakteria, wakautazama kwa hadubini ukizunguka kama mkono wa saa. Mwaka uleule Paul Boyer na John Walker wakapata Nobel kwa kuueleza.

Tundu la kutolea joto

Kompleksi IV ndiyo mlango wa mwisho. Hapa elektroni hukabidhiwa oksijeni na maji hupatikana. Oksijeni yote tunayovuta kwa ajili ya mnyororo huu huishia hapo, na hapo ndipo sianidi hupiga. Chembe moja ya sianidi ikikaa kwenye mlango, elektroni zinarudi nyuma zikisongamana, na mnyororo wote unasimama.

Muhogo mchungu unaibeba sianidi mwilini mwake, imefungwa pamoja na sukari. Ukiulowesha vya kutosha, ukaupondaponda na kuuanika, sumu hutoka. Ukiharakisha wakati wa njaa, hubaki. Mwaka 1985, baada ya ukame, watu wa Tarime, mkoani Mara, walipatwa na konzo, ugonjwa unaoikaza miguu ghafla na usioiachia tena. Waliougua walikuwa wamekula muhogo mchungu ambao haukuandaliwa vya kutosha, bila mboga ya protini ya kuusaidia mwili kuitoa sumu. Naitaja habari hii kwa uzito wake, kwa kuwa mara nyingi muundo wa molekuli huonekana jambo la maabara za mbali, na huku kijijini kuna mtoto aliyeacha kukimbia kwa sababu ya mlango mmoja wa mitokondria.

Lakini mbona muhogo wenyewe haufi? Kwanza, huitunza sumu mbali na mitokondria zake. Pili, una mlango wa dharura, kama mimea yote. Kimeng'enya hicho huitwa oksidesi mbadala, na sianidi haikigusi. Elektroni zikipita huko zinaifikia oksijeni bila kupitia Kompleksi III wala IV. Hakuna protoni inayosukumwa hapo, kwa hiyo nishati yote inatoka kama joto. Kwa kawaida mmea huutumia mlango huo ili mitambo isizidiwe wakati wa baridi, ukame au jua kali.

Ipo mimea iliyoufanya kuwa jiko. Ukoo wa magimbi ndio unaoongoza duniani. Mwaka 1778 Mfaransa Lamarck aliandika kwamba ua la mmoja wa jamaa zake huko Ulaya linapata joto. Philodendron ya Brazili hupandisha joto la ua lake hadi nyuzi 46, juu ya homa yoyote ambayo binadamu angeweza kuivumilia. Jamaa mwingine, Sauromatum, anayeota Afrika ya tropiki na Asia, ana mwiko mrefu katikati ya ua ambao siku moja hupanda kwa nyuzi zaidi ya 10 juu ya hewa inayouzunguka na kuisambaza harufu ya mzoga ili nzi waje. Mwaka 1987 ilijulikana ni nini kinachouwasha: asidi salisiliki, ndugu wa aspirini. Dawa tunayoinywa kushusha homa, katika ua lile ndiyo inayoipandisha.

Umbo la oksidesi mbadala lilionekana kwa mara ya kwanza mwaka 2013, tena kwa mdudu anayeijua vizuri Afrika Mashariki: trypanosoma wa malale, anayeletwa na mbung'o. Akiwa ndani ya damu yetu, anautegemea mlango huo peke yake katika kupumua. Sisi hatuna mlango huo kabisa. Kwa hiyo dawa itakayouziba itamuua yeye bila kutugusa sisi, na watafiti wanaitafuta.

Ndizi, mtoto wa baba

Hapa Rungwe ndizi ni chakula kabla ya kuwa tunda. Amatoki ndiyo yanayojaza sufuria ya mbalaga, na migomba imezizunguka nyumba hata ukiwa barabarani huoni mabati ila moshi.

Binadamu wote tumerithi mitokondria kwa mama zetu. Mimea mingi ni hivyohivyo. Mgomba hauko hivyo. Mwaka 1994 watafiti wa Ufaransa walionyesha kwamba mgomba wa jamii ya Musa acuminata hurithi kloroplasti, zile za kijani, kutoka kwa mama, na mitokondria kutoka kwa baba. Tango nalo hurithi mitokondria kwa baba, lakini tabia hiyo ni adimu sana miongoni mwa mimea ya maua.

Tazama maana yake katika umbo la mtambo. Vipande tisa vya Kompleksi I ya mimea huandikwa kwenye vinasaba vya mitokondria yenyewe, na vilivyobaki huandikwa kwenye kiini cha seli, ambacho ni cha wazazi wote wawili. Kwa ndizi, basi, sehemu kubwa ya kiuno cha mtambo ni ya ukoo wa baba tupu, na vipande vingine ni vya pande zote mbili, na vyote lazima vikae pamoja bila mwanya. Watafiti wameitumia tabia hii kuchora ukoo wa ndizi zisizo na mbegu: kloroplasti inawapeleka kwa bibi, mitokondria inawapeleka kwa babu. Na kwa kuwa sisi tunapanda machipukizi, hatupandi mbegu, mgomba ulioko nyuma ya jiko la mama yako unapumua kwa mitambo iliyorithiwa kwa baba mmoja wa kale. Tangu ndoa ile hapajawa na nyingine.

Aliyeuacha mtambo mkubwa

Mwaka 2018 vikundi viwili, kimoja cha Norwich, Uingereza, na kimoja cha Hannover, vilitangaza jambo ambalo wanabiolojia wengi wasingeliamini. Kirukia wa Ulaya aitwaye Viscum album hana Kompleksi I. Jitu lote lile la daltoni milioni moja halimo. Alikuwa kiumbe wa kwanza wa seli nyingi kujulikana akiishi hivyo. Anakaa juu ya mti wa mwenzake, ananyonya maji na chakula kilichokwishatayarishwa, na hupata nishati yake kwa njia fupi zenye faida ndogo.

Dalili ilikuwa imeonekana mwaka 2015 kwa ndugu yake wa Asia, Viscum scurruloideum, ambaye jenomu ya mitokondria yake ina herufi 66,000 tu, fupi kupita kawaida kwa mmea wa maua. Yetu binadamu ina 16,569. Upande wa pili wa mizani yumo Silene conica, ua dogo tu la porini, mwenye herufi zaidi ya milioni 11, na msindano mmoja wa Siberia anayemzidi kidogo. Ua hilo na msindano huo wanapumua kwa mitambo ileile tuliyo nayo sisi. Wingi wa maandishi na wingi wa kazi ni vitu viwili tofauti.

Virukia wa jenasi ya Viscum wako pia Afrika Mashariki, ingawa virukia wengi unaowaona kwenye miti yetu ya matunda ni wa ukoo mwingine, ambao haujaliacha jitu. Ndege hula tunda lake, mbegu inanata kwenye tawi, na baada ya miaka michache mwenye mti analalamika. Kwa miaka mingi tumemjua kirukia kama adui wa mkulima. Sasa ninamwangalia kwa jicho jingine, ingawa panga silirudishi alani.

Msitu wa mlima Rungwe, wenye kilele cha mita 2,960, ulikwishawashangaza wataalamu mwaka 2005 ulipotangazwa nyani wake, kipunji. Miaka mia moja kabla, Adolf Stolz aliyekaa Kyimbila alikusanya mimea ya hapa kwa maelfu, na jenasi nzima ya okidi, Stolzia, ina jina lake. Sura za nje za mimea yetu zimeandikwa vitabuni tangu enzi hizo. Choroko, viazi na koliflawa zimepigwa picha za ndani. Ningependa kumwona kijana wa Tukuyu akipeleka mitokondria za mgomba wa kwao kwenye hadubini ya baridi kali, na hiyo nundu ya Kompleksi I ipewe picha yenye jina la kijiji.

Wilaya yenyewe, kwa namna yake, inapumua. Mlima Kyejo ulilipuka mara ya mwisho yapata miaka 200 iliyopita, na chini yake hewa ya ukaa bado inapanda. Kampuni ya TOL Gases huivuna huku Rungwe. Mabondeni, mahali ambapo upepo haupiti, hewa hiyo hutuama na inaweza kuua mnyama anayelala hapo. Wenzetu wa Goma huyaita mabonde ya namna hiyo mazuku. Ni hewa ileile iliyokuwa ikitoka kwenye gunia la mama.

Pumzi ya parachichi

Parachichi haliivi mtini. Litaning'inia miezi, limekomaa, gumu kama jiwe, na siku utakayolikata ndipo saa inapoanza kuhesabu. Kwa siku chache pumzi yake hupanda ghafla, kisha hushuka, na katika kilele hicho tunda linalainika. Wataalamu wa mimea wa Uingereza Franklin Kidd na Charles West waliipima pumzi ya namna hiyo kwenye tofaa katika miaka ya 1920, na baadaye Jacob Biale wa Los Angeles aliitumia miaka yake mingi kuichunguza kwenye parachichi.

Takwimu ni hizi. Kwenye nyuzi 20, kilo moja ya parachichi hutoa mililita 40 hadi 150 za hewa ya ukaa kila saa. Kwenye nyuzi 5 hutoa 10 hadi 25. Makontena ya parachichi aina ya Hass yanayotoka Rungwe kwenda Ulaya hubeba ubaridi ili kuituliza mitambo hii isimalize sukari na mafuta ya tunda kabla halijafika. Kwa kawaida, joto likipanda kwa nyuzi 10, upumuaji huongezeka maradufu au zaidi. Tukuyu iko mita 1,600 hivi juu ya bahari, Kyela kama mita 500. Mkungu ulioukata asubuhi Tukuyu na kuushusha Kyela mchana unaanza kupumua kwa kasi nyingine hata kabla haujashushwa garini, na ukiufikisha Dar es Salaam mwezi wa pili, kasi yenyewe usiulize. Anayesema ndizi za milimani hazikai mjini, ajue kwamba ni joto linalozila.

Ukitaka kuiona pumzi hiyo nyumbani kwako, huna haja ya hadubini. Chukua vikombe viwili vya choroko. Kimoja kichemshe dakika kumi, kiache kipoe. Ziloweke zote usiku kucha, kisha zisuuze kwa maji yenye dawa ya klorini kidogo, ili ukungu usije ukatoa joto la kukudanganya. Tia kila kikombe kwenye chupa yake ya chai, chomeka kipimajoto, ziba mdomo kwa pamba, hewa ipite. Andika joto asubuhi na jioni kwa siku tatu. Chupa ya choroko hai itapanda kila siku. Chupa ya zilizochemshwa itabaki na baridi ya chumba chako.